Heda Mpya, Maktaba ya Zamani: Mwongozo wa Njia za Utafutaji katika Kompaila za Mifumo

1. Madhumuni na walengwa

Mwongozo huu ni kwa watu wanaojenga programu kutoka msimbo chanzi wakiwa kazini: waandishi wa programu za C na C++, wasimamizi wa seva, na wanaotunza mashine za kujengea na kupimia programu. Unahusu saraka ambazo kompaila huzitazama yenyewe inapotafuta heda na maktaba bila kuelekezwa na mtu. Saraka hizo hutofautiana baina ya mifumo. Hata ndani ya mashine moja, saraka za heda na saraka za maktaba mara nyingi haziendani.

Lengo ni kwamba, kwa kila programu unayoikabidhi, uweze kujibu maswali matatu: heda ilisomwa kutoka saraka gani, maktaba iliunganishwa kutoka saraka gani, na programu ikiendeshwa itapakia maktaba ipi. Asiyeweza kuyajibu hajui alichokabidhi, hata kama programu inaonekana kufanya kazi.

2. Watafutaji ni watatu, si mmoja

Amri kama `gcc programu.c -lz` huonekana kuwa kazi ya chombo kimoja. Kwa kweli utafutaji hufanywa na programu tatu, kila moja na orodha yake.

(a) Kompaila hutafuta heda. Kwenye Linux, GCC kwa kawaida huanza na saraka yake ya ndani, kisha `/usr/local/include`, halafu `/usr/include`. Debian na Ubuntu huweka katikati saraka ya usanifu wa mashine, mfano `/usr/include/x86_64-linux-gnu`.

(b) Linka hutafuta maktaba wakati wa kuunganisha. Hutazama kwanza saraka zilizotajwa kwa `-L`, zikiwemo zile ambazo kompaila huziongeza kimyakimya, kisha saraka zilizoandikwa ndani ya linka yenyewe.

(c) Kipakiaji, yaani `ld.so`, hutafuta maktaba kila programu inapoanza. Hutumia kache inayotengenezwa na `ldconfig` kutokana na `/etc/ld.so.conf` na mafaili yaliyomo kwenye `/etc/ld.so.conf.d/`, pamoja na saraka zake za msingi.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayemuuliza mwenzake alichopata. Kompaila ikishasoma heda, haimwachii linka ujumbe wowote kuhusu saraka heda ilikotoka. Linka nayo huandika ndani ya programu jina la maktaba tu, mfano `libz.so.1`, bila njia yake, isipokuwa umeagiza vinginevyo.

3. Chanzo cha tofauti

Kanuni rasmi za lugha ya C zinasema kwamba heda iliyoandikwa ndani ya `< >` hutafutwa mahali ambapo kila mtengenezaji wa kompaila ataamua. Hazitaji saraka hata moja. Nafasi hiyo imejazwa na mazoea ya kila mfumo endeshi.

Kwa desturi ya Unix, `/usr` ni ya mfumo na `/usr/local` ni ya msimamizi wa mashine husika. GCC iliifuata desturi hiyo kwa kuipa `/usr/local/include` nafasi ya mbele. Baadaye kompyuta za biti 64 zilileta suala jingine: maktaba za biti 32 na za biti 64 zitakaaje pamoja? Familia ya Red Hat iliziweka za biti 64 kwenye `/usr/lib64`. Debian ilizigawa kwa majina ya usanifu, mfano `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`. Skripti za `configure` zilibaki na mazoea ya zamani, hivyo nyingi husakinisha kwenye `/usr/local/lib` tu, mfumo uwe upi.

Ndiyo maana orodha ya heda ilibaki fupi na yenye mpangilio wa wazi, huku orodha ya maktaba ikirefuka na kugawanyika. Saraka ya `/usr/local` ikawa ya mbele kwenye orodha moja na ya nyuma kwenye nyingine.

4. Mfano: zlib kwenye seva mbili

Chukua zlib, maktaba ya kubana data inayotegemewa na programu nyingi mno. Jina lake la kupakia ni `libz.so.1` kwa matoleo yote ya 1.x, kwa hiyo toleo moja linaweza kuchukua nafasi ya jingine pasipo mtu kugundua.

Seva ya kwanza ina Debian 12, yenye zlib 1.2.13. Ya pili ina Red Hat Enterprise Linux 9, yenye 1.2.11. Zote mbili zina kifurushi cha heda za zlib kutoka kwa msambazaji. Msimamizi anapakua zlib 1.3.1 na kuendesha `./configure`, `make`, kisha `sudo make install`. Heda mpya inaingia `/usr/local/include` na maktaba mpya `/usr/local/lib`. Halafu anajenga programu hii kwa amri ya `gcc jaribio.c -lz`:

```
#include <stdio.h>
#include <zlib.h>
int main(void) {
    printf("heda: %s\n", ZLIB_VERSION);
    printf("inayotumika: %s\n", zlibVersion());
    return 0;
}
```

Mstari wa kwanza huchapisha toleo la heda iliyosomwa wakati wa kujenga. Wa pili huiuliza maktaba iliyopakiwa wakati huo huo programu inapoendeshwa.

Kwenye Debian, kompaila inasoma heda ya 1.3.1. Linka inachukua maktaba ya 1.2.13, kwa sababu GCC huitajia `/usr/lib/x86_64-linux-gnu` kabla linka haijafika kwenye `/usr/local/lib`. Programu ikianza, kipakiaji kinachukua 1.3.1, kwa kuwa faili la `libc.conf` lenye `/usr/local/lib` husomwa kabla ya faili la saraka za usanifu. Mistari yote miwili itaonyesha 1.3.1, na matokeo hayo yanaficha kwamba katikati maktaba nyingine ndiyo iliyounganishwa. Ukijenga kwa `-static`, maktaba hiyo nyingine ndiyo itakayobaki ndani ya programu.

Kwenye Red Hat, kompaila inasoma heda ya 1.3.1, linka inachukua 1.2.11 kutoka `/usr/lib64`, na kipakiaji kinapakia hiyo hiyo 1.2.11, kwa sababu usanidi wa kawaida wa kipakiaji hauitaji `/usr/local/lib` kabisa. Matokeo ni `heda: 1.3.1` na `inayotumika: 1.2.11`.

Amri ni zile zile, msimbo ni ule ule, na hakuna onyo lililotolewa. zlib ina ukaguzi wake: `deflateInit` hulinganisha toleo la heda na la maktaba. Lakini huangalia tarakimu ya kwanza tu, kwa hiyo 1.3.1 na 1.2.11 hupita bila pingamizi.

Kwa zlib, ambayo watunzaji wake wamelinda sana ulinganifu wa matoleo, huenda usione athari. Kwa maktaba ambayo imebadilisha mpangilio wa muundo wa data kati ya matoleo mawili, programu itaandika data mahali pasipostahili na kuharibu kumbukumbu. Kuna pia suala la usalama. Msimamizi aliyesakinisha toleo jipya ili kuziba udhaifu kama CVE-2018-25032, uliorekebishwa katika zlib 1.2.12, anaweza kuamini kazi imekwisha huku programu zake zikiendelea kupakia maktaba ya mfumo. Na akumbuke kwamba wasambazaji kama Red Hat huingiza viraka vya usalama kwenye matoleo ya zamani bila kubadili namba ya toleo. Namba peke yake si ushahidi wa udhaifu wala wa usalama. Soma taarifa za kifurushi.

Zingatia jambo hili kuliko mengine yote: ujenzi unaokatika kwa kosa umekusaidia, maana umekuonyesha pa kushika. Wa kuogopwa ni ule unaofaulu kwa kuchanganya.

5. Kuuliza si ujinga: ihoji mashine kwanza

Kabla ya kubadilisha chochote, kusanya ushahidi. Amri hizi hazibadilishi mfumo.

Saraka za heda, kwa mpangilio wa kutafutwa:

```
echo | gcc -E -v -
```

Soma orodha inayofuata maneno `#include <...> search starts here`. Kwa C++ ongeza `-x c++`, maana orodha yake ni tofauti. Kwa Clang badilisha jina la amri tu.

Heda iliyosomwa hasa, pamoja na njia yake kamili:

```
gcc -H -c jaribio.c
```

Saraka zilizoandikwa ndani ya linka ya GNU:

```
ld --verbose | grep SEARCH_DIR
```

Maktaba iliyochukuliwa hasa wakati wa kuunganisha:

```
gcc jaribio.c -lz -Wl,--trace
```

Maktaba itakayopakiwa programu ikiendeshwa:

```
ldd ./a.out
```

Tahadhari mbili. Kwanza, `gcc -print-file-name=libz.so` huonyesha kile GCC inachokijua yenyewe. Haijui saraka zilizo ndani ya linka, hivyo inaweza kukurudishia jina tupu la maktaba ambayo linka itaipata bila shida. Pili, usiendeshe `ldd` kwenye programu usiyoiamini, kwa sababu inaweza kuendesha sehemu ya programu hiyo. Tumia `readelf -d` kuona majina ya maktaba inazozihitaji.

6. Taratibu za kufuata

6.1 Tumia kifurushi cha msambazaji kila kinapotosheleza. Kifurushi huleta heda na maktaba za toleo moja, huziweka mahali ambapo watafutaji wote watatu wanapajua, na hupokea viraka vya usalama pamoja na mfumo mzima.

6.2 Ukilazimika kujenga maktaba mwenyewe, ipe saraka yake yenye namba ya toleo. Usiimwage kwenye `/usr/local` pamoja na nyingine:

```
./configure --prefix=/opt/zlib-1.3.1
```

Saraka hiyo haimo kwenye orodha ya msingi ya mtafutaji yeyote. Hakuna programu itakayoichukua kwa bahati. Itachukuliwa na ile tu uliyoielekeza. Kuiondoa pia ni rahisi.

6.3 Taja heda, maktaba na njia ya kupakia kwa pamoja. Asiyetaja zote tatu ameacha pengo litakalojazwa na orodha za msingi:

```
gcc jaribio.c -I/opt/zlib-1.3.1/include \
    -L/opt/zlib-1.3.1/lib -lz \
    -Wl,-rpath,/opt/zlib-1.3.1/lib
```

Baada ya hapo hakikisha kwa `-H`, `--trace` na `ldd` kwamba zote zinaonyesha saraka moja. Fahamu pia kwamba linka nyingi za leo huandika njia hiyo kama RUNPATH, ambayo hutumika kwa maktaba ambazo programu yenyewe inazihitaji moja kwa moja. Maktaba zinazohitajiwa na hizo maktaba hazifaidiki nayo. Kila moja inahitaji maelekezo yake.

6.4 Tumia `pkg-config` badala ya kuandika njia kwa mkono ndani ya mafaili ya ujenzi. Ielekeze kwenye saraka yako:

```
PKG_CONFIG_PATH=/opt/zlib-1.3.1/lib/pkgconfig \
    pkg-config --cflags --libs zlib
```

Chombo hiki hutoa `-I` na `-L` kutoka faili moja, hivyo heda na maktaba hubaki za toleo moja. Lakini `pkg-config` nayo ina orodha yake ya msingi inayotofautiana: kwenye Debian inajumuisha `/usr/local`, kwenye Red Hat haijumuishi. Itazame kwa `pkg-config --variable pc_path pkg-config`. Tena haitoi njia ya kupakia. Hiyo utaiongeza wewe.

6.5 Kwa miradi ya CMake, weka `CMAKE_PREFIX_PATH` na utumie `find_package`. Kumbuka kwamba CMake, inaposakinisha programu, huondoa njia za kupakia ilizotumia wakati wa kujenga. Programu iliyofanya kazi kwenye saraka ya ujenzi inaweza kushindwa baada ya `make install` kama hukuweka `CMAKE_INSTALL_RPATH`.

6.6 Ukitaka `/usr/local/lib` itambuliwe na kipakiaji kwenye mashine nzima, huo ni uamuzi wa msimamizi wa mfumo na uandikwe kama mabadiliko mengine yoyote ya mfumo. Weka faili ndani ya `/etc/ld.so.conf.d/`, kisha endesha `sudo ldconfig`. Kabla ya hapo angalia kilichomo kwenye saraka hiyo, maana kila maktaba iliyomo itaweza kuchukua nafasi ya maktaba ya mfumo.

7. Mambo ya kuepuka

7.1 Usiweke `CPATH`, `LIBRARY_PATH` au `LD_LIBRARY_PATH` kwenye `.bashrc` au usanidi wa mashine nzima. Vigezo hivi hubadilisha ujenzi au uendeshaji wa kila mradi, na mwenzako asiye navyo hatapata matokeo yako. Ukihitaji kupima jambo kwa muda, viandike mbele ya amri moja tu.

7.2 Usiache nafasi tupu ndani ya `CPATH`. GCC huihesabu nafasi tupu kuwa saraka uliyomo. Kwa hiyo `CPATH=:/opt/x/include` inaiagiza isome heda zozote zilizoko mahali uliposimama. Kosa hili hutokea kwa urahisi mtu anapoandika `CPATH=$CPATH:/opt/x/include` huku kigezo cha awali kikiwa kitupu.

7.3 Usitumie `-isystem /usr/include`. Kuanzia GCC 6, heda za C++ kama `cstdlib` hutafuta `stdlib.h` kwenye saraka inayofuata katika orodha. Ukiisogeza `/usr/include` mbele, hakutakuwa na inayofuata, na ujenzi utakatika kwa kosa la kutopatikana `stdlib.h` wakati faili lipo.

7.4 Usitegemee `-I/usr/local/include` kubadilisha mpangilio kwenye GCC inayoitazama saraka hiyo tayari. GCC huipuuza `-I` ya saraka iliyomo kwenye orodha ya msingi na kuiacha mahali pake. Kwa upande wa linka mambo ni kinyume: `-L/usr/local/lib` huisogeza saraka hiyo mbele kweli. Jozi hii ya machaguo, ambayo wengi huiandika kwa mazoea, haina nguvu sawa pande zote mbili.

8. Tofauti za mifumo mingine

FreeBSD. Kompaila ya mfumo ni Clang, na haiitazami `/usr/local` kwa heda wala maktaba, ingawa vifurushi vyote husakinishwa humo. Ukisakinisha libpng, `cc` haitaipata `png.h` mpaka utaje `-I/usr/local/include` na `-L/usr/local/lib`. GCC iliyosakinishwa kutoka vifurushi, kwa kawaida, huitazama `/usr/local/include`. Mradi mmoja basi hufaulu kwa kompaila moja na kukatika kwa nyingine. Kipakiaji cha FreeBSD hupokea `/usr/local/lib` kutoka usanidi wa kawaida wa mfumo, kwa hiyo tatizo liko kwenye kujenga, si kwenye kuendesha.

macOS. Tangu toleo la 10.15 la mwaka 2019, `/usr/include` haipo tena; heda za mfumo zimo ndani ya SDK, na `xcrun --show-sdk-path` huonyesha ilipo. Kwenye Mac za Intel, Homebrew husakinisha kwenye `/usr/local`, ambayo kompaila huitazama. Kwenye Mac zenye chipu za Apple, husakinisha kwenye `/opt/homebrew`, ambayo kompaila haiijui. Miradi mingi iliyojengeka bila maelekezo yoyote ilianza kukatika wafanyakazi walipobadilishiwa kompyuta. Tumia `$(brew --prefix)` au `pkg-config`. Usiandike njia ya mashine moja.

Alpine. Kipakiaji cha musl hutazama `/lib`, `/usr/local/lib` na `/usr/lib` bila usanidi wowote. Programu iliyopimwa ndani ya kontena ya Alpine haikuthibitishii kwamba maktaba ya `/usr/local/lib` itapatikana kwenye seva ya Red Hat.

Linka ya LLD. Linka hii ya mradi wa LLVM haina saraka za msingi ndani yake. Hutumia zile zilizoletwa kwa `-L` pekee. Ukiongeza `-fuse-ld=lld` kwenye mradi unaotegemea maktaba iliyoko `/usr/local/lib`, heda itaonekana, kisha utapata `unable to find library`. Hapo usiirudie linka ya zamani ili kosa liondoke. Andika `-L` iliyokosekana, maana ilikuwa inakosekana tangu mwanzo.

Kujengea mashine nyingine. Unapotumia `aarch64-linux-gnu-gcc` kwenye kompyuta ya x86, mfano kwa ajili ya Raspberry Pi, heda za kompyuta unayotumia zisiguswe kabisa. Taja `--sysroot`, na kwa `pkg-config` weka `PKG_CONFIG_SYSROOT_DIR` pamoja na `PKG_CONFIG_LIBDIR`. Tofauti na `PKG_CONFIG_PATH`, ambayo huongeza tu, `PKG_CONFIG_LIBDIR` huondoa orodha ya msingi na kuweka yako.

9. Kumbukumbu za mradi na makabidhiano

Kila mradi unaojengwa kutoka msimbo chanzi uwe na ukurasa mmoja wenye mambo haya:

1. Mfumo endeshi, kompaila na linka, pamoja na matoleo yake.
2. Kila maktaba ya nje, toleo lake, na kama imetoka kwenye kifurushi au imejengwa kwa mkono.
3. Saraka ya kila maktaba iliyojengwa kwa mkono, na amri kamili iliyotumika.
4. Orodha ya heda za msingi na matokeo ya `ldd`, kama yalivyokuwa siku ya kukabidhi.

Mashine ya kujengea ianze ikiwa safi kila mara, bila masalia kwenye `/usr/local`. Pale maktaba inapotoa toleo la heda na toleo linalotumika, kama zlib, programu ilinganishe yote mawili inapoanza na iandike kwenye kumbukumbu zake iwapo yametofautiana. Ni mistari michache ya msimbo, na humwokoa mwenzako siku nzima ya kutafuta.

Kazi hii yote ni ya heshima kwa watu. Benki, hospitali na ofisi za umma zinaendesha programu zilizojengwa na mtu fulani ambaye huenda ameshahama kazi. Aliyebaki ana haki ya kuijenga upya programu hiyo na kupata kitu kile kile. Atakipata kwa maelekezo uliyoyaandika. Orodha za msingi za kompaila zitakuwa zimeshabadilika pamoja na mashine.